Kila Nafasi Ina Mwenyewe

Siku ya soko Khwisero, magharibi mwa Kenya, Probox ziko kila upande. Moja imebeba wanakwaya na ngoma zao, nyingine imefungiwa mikungu ya ndizi kwenye keria, ya tatu haifungiki buti kwa sababu miguu ya makanga inaning'inia nje. Mgeni anaweza kudhani gari hili lilibuniwa na mtu wa huku kwetu Kisa aliyezijua barabara zetu, harusi zetu na matanga yetu. Lilibuniwa Japani. Toyota ilianza kuliuza kule mwaka 2002, likirithi kazi ya vani za Corolla na Sprinter, na waliokusudiwa kulinunua walikuwa mafundi, wachuuzi na wasambazaji wa bidhaa. Huku lilitufikia baadaye likiwa limeshatumika, bado halijavuka miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu kwa magari ya mitumba, na likashika kazi iliyokuwa ya Peugeot tangu enzi za wazazi wetu.

Aliyekaa nyuma ya Probox ya mizigo kutoka Khwisero hadi Kisumu anakijua kiti kile. Ni chembamba, kimesimama wima, na magoti ya abiria yanamsukuma dereva mgongoni. Wengi humlaumu aliyeliunda kwa ubahili. Lakini kule Japani, gari likitaka kusajiliwa kuwa la mizigo na kulipiwa kodi ndogo, sehemu ya mizigo lazima iwe kubwa kuliko sehemu ya abiria. Kwa hiyo kiti cha nyuma kilibanwa makusudi, kikawekwa kwa ajili ya siku ambayo hapana budi watu wakae. Na kwenye maelezo ya gari hilo wakaweka hesabu mbili: likiwa na watu wawili, mzigo kilo 400, likiwa na watu watano, mzigo kilo 250. Sisi tulilipokea tukaligeuza gari la watu. Kila anayekitoa kiti kile Khwisero, ajue asijue, analirudisha gari kwenye kazi liliyozaliwa kuifanya.

Nasema hivyo kwa kuwa nimekitoa na kukirudisha mara nyingi, na kabla yangu baba yangu alifanya hivyo hivyo kwa gari jingine.

Baba alikuwa na Peugeot 504, stesheni wagoni ya safu tatu za viti, zile tulizoziita za familia. Wanaume wa rika lake waliiheshimu Peugeot tangu 404 iliposhinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, na 504 ilipochukua ushindi mwaka 1975 hapakuwa na mabishano tena. Baba alilitumia gari lake kwa kila kitu. Siku za kazi lilibeba abiria kwenda miji ya jirani ya Luanda na Yala. Jioni ya kuamkia siku ya soko aliniita nimshikie tochi, akalala chini ubavu ubavu na spana mkononi, akafungua bolti za kiti cha tatu. Nilijifunza kutoa viti vya gari miaka mingi kabla ya kujifunza kuendesha.

Kiti chenyewe hakikuachwa kwenye mvua. Tulikibeba hadi barazani, na hapo kikapata wenyewe wapya. Kukhu, yaani nyanya yetu, alikikalia kuchambua mrenda na kunde. Wazee waliokuja kuzungumza habari za mahari walikaribishwa hapo kwanza. Bolti na nati ziliingia kwenye mkebe wa Kimbo wenye grisi kidogo, mkebe ukapanda juu ya kabati mahali ambapo mtoto hafiki. Soko likiisha, baba alikirudisha kiti usiku huo huo, hata akiwa amechoka, hata kama kesho yake hapakuwa na abiria. Tulipolalamika alisema, "Gari likilala bila kiti siku mbili, mtakizoea barazani."

Kitu cha pili nilichokiona kwake ni namna alivyopokea mzigo. Wafanyabiashara walikuja na maneno matamu: mzee, ni kagunia tu, ni nusu, ni mahindi makavu hayana uzito. Baba hakubishana. Alishika pembe mbili za gunia, akaliinua kidogo kutoka chini, akaliachia, kisha akasema linaingia au haliingii. Waswahili walishasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na baba alikataa kupokea usufi kwa maneno. Gari lake lilikuwa na nguvu. Zile 504 ndefu zilikuwa na springi mbili kila upande wa nyuma. Hata hivyo alikuwa akizunguka nyuma kila baada ya gunia kuingia, akatazama tairi ilivyokaa. Alipoona gari limeinua pua, alifunga mlango, na aliyebaki na gunia lake akatafuta gari jingine.

Baba alifariki, 504 ikauzwa kwa wenye kununua vyuma, nami nikaolewa upande mwingine wa Kisa na kuajiriwa ualimu katika shule ya binafsi. Mimi na mume wangu tulinunua Probox kwa mkopo wa Sacco ili tusihangaike na watoto siku za mvua. Ilikuwa gari la nyumbani kwa maana ya Khwisero: Jumapili ilipeleka nusu ya kwaya kanisani, mwezi wa kufungua shule ilibeba masanduku ya bati na magodoro ya watoto wa jirani, na Jumamosi haikosi matanga.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Tarehe 15 Machi serikali ilitangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 27 mwezi huo huo kafyu ikaanza, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara wake. Sisi wa shule za binafsi tulilipwa kwa karo ya wazazi, na karo haikuwepo. Matatu zikaamriwa kupunguza abiria, nauli ikapanda, na akina mama waliokuwa wakipeleka mboga Luanda kwa matatu wakajikuta nauli inakula faida yote. Mboga zilikuwa zinazeekea shambani, na miji ilikuwa inataka kula. Katikati ya hayo mawili palikuwa na Probox imeegeshwa chini ya mparachichi.

Nilimwita fundi wa jua kali sokoni, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Alifika na spana namba 10, 12 na 14, maana kwa hizo tatu mtu anaweza kuifungua karibu Toyota nzima. Akaniuliza, "Mwalimu, si tukikunje tu?" Swali lilikuwa la haki. Kiti kile hukunjika, na kwa safari moja ya godoro hiyo inatosha. Lakini kikikunjwa bado kiko ndani, kinakaa mahali pa miguu na kuinyima sakafu kina chake, na mboga za majani hutaka kina. Tukakubaliana kukitoa chote. Bolti zilizokaa miaka mingi na vumbi hazifunguki kwa nguvu. Alizimwagia mafuta ya kulegeza kutu, tukanywa chai, kisha zikazunguka zenyewe. Bolti ikikatika kichwa ndani ya sakafu, kiti hakitarudi bila mtu wa kuchomelea, na ndiyo sababu fundi mwenye haraka hafai kwa kazi hii.

Mashimo ya bolti tuliyaziba kwa raba. Watu wengi huyaacha wazi kwa kuwa ni madogo, lakini ndani yake hupita vumbi la barabara, maji ya madimbwi na moshi wa ekzosi, na moshi huo hauna adabu ya kubaki nyuma na mzigo. Juu ya sakafu tulilaza plaiwudi ili gunia lisichane zulia na ili mzigo usizame kwenye shimo la miguu na kuegemea upande mmoja. Vifungio vya mikanda tulivifunga kwa karatasi ya nailoni. Bolti ziliingia kwenye mkebe, mkebe ukapanda juu ya kabati.

Kilichobaki ni ukuta. Kiti cha nyuma kina kazi moja ambayo haionekani mpaka kimetoka: egemeo lake linauzuia mzigo usije mbele. Ukifunga breki ghafla, gari linasimama na gunia linaendelea na safari. Mbele yake pana shingo ya dereva. Fundi alinichomelea wavu wa nondo nyembamba, akaukaza kwenye mashimo yale yale ya mikanda bila kutoboa shimo jipya, ili siku ya kurudisha viti gari lisiwe na makovu. Kwa maoni yangu, mtu asiye na pesa za wavu hana pesa za kutoa viti.

Hapo ndipo hesabu za Wajapani zilipoanza kunifundisha. Tofauti ya kilo 400 na kilo 250 ni kilo 150, na hiyo ndiyo sehemu ya wale watatu wa nyuma, kilo 50 kwa kila mmoja, watu wembamba wa kwenye makaratasi. Maana yake ni kwamba kumwondoa abiria na kiti chake hakuliongezei gari nguvu hata kidogo. Kunahamisha nguvu iliyokuwa ya watu ikawa ya magunia. Ekseli ni ile ile, springi ni zile zile. Kinachoongezeka ni nafasi tu, na nafasi ni mshawishi mkubwa.

Angalia gunia la mahindi la kilo 90. Manne ni kilo 360, na hapo gari lenye watu wawili limekaribia kikomo chake. La tano linafikisha kilo 450. Lakini ukitazama ndani baada ya la nne, unaona nafasi bado ipo, na jicho la mfanyabiashara haliwezi kuiacha nafasi itulie. Saruji ni hatari zaidi: mifuko minane ya kilo 50 inatimiza kilo 400, nayo imelala sakafuni tu, gari likionekana tupu kutoka kwenye madirisha kwenda juu. Mwenye mahindi au saruji hapati kitu kwa kutoa viti, isipokuwa majaribu.

Anayefaidi ni mwenye mzigo mwepesi wenye tumbo kubwa. Sukuma wiki, mrenda na saga hujaza gari kabla hazijalilemea. Trei ya mayai 30 haifiki kilo mbili na nusu, kwa hiyo trei mia moja ni mayai 3,000 ambayo gari linayabeba bila kunung'unika, mradi barabara iendeshwe kwa heshima. Mikate, matenga ya kuku, magodoro, kreti tupu za nyanya, yote yanataka kimo na urefu kuliko nguvu. Mimi nilipeleka mboga Luanda na Kisumu, na kurudi na mayai na mikate kwa maduka ya huku. Rafiki mmoja aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo alipoona biashara yangu inatembea, alitoa viti vyake akachukua mahindi. Fundi alimwongezea raba kati ya mikunjo ya springi ili gari lisikae chini. Gari likaonekana limesimama vizuri, na hiyo ikamtia moyo aongeze. Raba huficha uzito, haiuondoi. Springi yake ilikatika kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, mvua ya mchana ikinyesha, na mahindi yakalala njiani.

Mwili wa gari nao hutoa ushahidi. Gari likilemewa nyuma, taa za mbele zinaangaza matawi ya miti badala ya barabara, na anayekuja mbele yako anakulaani. Usukani unakuwa mwepesi kwa kuwa tairi za mbele zimepunguziwa uzito. Breki zinachelewa. Tairi za gari la mizigo hutaka upepo zaidi likijaa, na hutaka kupunguzwa likiwa tupu, la sivyo linarukaruka kwenye murram mpaka mayai yavunjike. Kelele nazo huongezeka, maana kiti ni sponji kubwa inayomeza sauti, na kikitoka unasikia kila jiwe linalorushwa chini. Nilizoea kuendesha nikisikiliza, na masikio yakaniambia mengi kuliko dashibodi.

Upande wa karatasi ulihitaji uangalifu wake. Logbuku inaandika umbo la gari na idadi ya abiria, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari amjulishe msajili mambo yaliyoandikwa yanapobadilika. Bima ndiyo huwaumiza wengi. Ukikata bima ya gari la binafsi kisha ukabeba mizigo ya watu kwa malipo, siku ya ajali kampuni itauliza gari lilikuwa linafanya nini barabarani, na jibu la kweli litakuacha peke yako. Nilibadilisha bima kuwa ya biashara kabla ya mboga ya kwanza kuingia. Malipo yalikuwa makubwa kuliko nilivyopenda, ila nilikuwa nabeba mali ya wanawake ambao mtaji wao wote ulikuwa kwenye gunia moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo spana na mizani haviwezi kulipima.

Khwisero mashamba ni madogo, nyumba zimekaribiana, na gari likiingia boma moja linajulikana mpaka ng'ambo ya mto. Kiti kisichokaliwa ndani ya gari hilo kinahesabiwa. Mama fulani anajua atakiomba siku ya kliniki, mzee fulani siku ya pensheni, shemeji fulani siku ya kwenda kuchumbia. Hawajakuambia, nawe hujawaahidi, lakini mpango umeshakaa vichwani mwao na una mizizi. Nilipotoa viti sikusikia lawama. Nilisikia maswali. "Mwalimu, viti vinatengenezwa?" "Mwalimu, mtaenda namna gani kanisani?" Mama mmoja alikuja akavitazama vikiwa barazani, akavipapasa, akasema, "Vinapumzika." Nilimwelewa. Alikuwa anauliza vitaamka lini.

Halafu nikaona jambo jingine. Kijiji hakikulisusa gari. Kilibadilisha maombi. Msiba ulipotokea, hawakuniomba tena niwapeleke watu. Waliniomba nibebe turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa ya kupikia waombolezaji, mbao za jeneza. Sakafu tupu ilipata wateja wake kwa wiki chache tu. Nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimedhani nimejitengenezea nafasi, kumbe nilikuwa nimebadilisha orodha ya wanaoidai.

Usiku mmoja wa kafyu mlango ulibishwa. Alikuwa mama mkwe wa jirani, khanga kichwani, mvua inamchuruzika usoni.

"Mwalimu, amka. Mtoto wa watu ameshikwa na uchungu."

"Mama, gari halina viti."

"Kwani halina magurudumu?"

Boda boda zilikuwa zimejificha, barabara ilikuwa matope, na mimba ya kwanza haina subira wala ratiba. Tulitoa kreti, tukaingiza godoro juu ya plaiwudi, tukamlaza binti yule ubavu wa kushoto. Mama mkwe na mwanamke mwingine wakachuchumaa pembeni, wakashika wavu wa nondo. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha na mayai. Kwenye kizuizi afisa alimulika tochi ndani, akaizima, akasema, "Pita, mama." Tukafika hospitali ya Mwihila, na kabla kafyu haijaisha alfajiri mtoto alikuwa amezaliwa salama.

Nimelitafakari jambo lile kwa pande zote mbili. Kwa yule binti, sakafu ilikuwa bora kuliko kiti. Kiti kile kilichosimama wima kingemtesa njia nzima. Kwa wale wanawake wawili, walikuwa wamebebwa bila mkanda, bila egemeo, wakishikilia chuma cha kuzuia magunia, na mama mkwe alitembea na magoti yaliyochubuka wiki nzima. Gari lile lile, usiku ule ule, lilimfaa mmoja likawaumiza wawili. Mtu hawezi kuunda nafasi ikamfaa kila mtu. Anachoweza ni kuhakikisha inaweza kubadilika upesi haja inapobadilika.

Tangu hapo mkebe wa bolti uliteremka kutoka kabatini ukaishi ndani ya gari, pamoja na spana namba 12 na 14. Viti vilihama kutoka pembe ya baraza hadi karibu na mlango, vimefunikwa kwa turubai. Mume wangu na kijana wetu mkubwa walijifunza kuvifunga gizani. Bolti zilipakwa grisi kila zilipotoka, na kila moja ilirudi kwenye shimo lake, kwa kuwa bolti iliyozoea shimo moja hukataa jingine. Na mkanda haukukubaliwa kubaki nyuma: kiti kikirudi, mkanda unarudi nacho, au hakikaliwi.

Shule zilianza kurudi tarehe 12 Oktoba 2020 kwa madarasa machache, na Januari 2021 kwa wote. Karo ikarudi kidogo kidogo, nami nikarudi darasani. Biashara ya mboga sikuiacha, maana ilikuwa imenilisha. Basi nikajikuta katika ratiba ya baba yangu bila kuipanga: katikati ya wiki viti viko ndani, jioni ya kuamkia soko vinatoka, soko likiisha vinarudi. Watoto wangu wakalalamika kama tulivyolalamika sisi. Niliwajibu kwa maneno yale ya baba kuhusu kukizoea kiti barazani, na safari hii nikayaelewa. Alikuwa anasema kwamba kilichotolewa kikikaa nje muda mrefu, hupata kazi nyingine na wenyewe wengine, na siku ya kukidai utaonekana unanyang'anya.

Jambo hili halikomei kwenye magari. Ukipita maboma ya Kisa msimu wa masika utaona mahindi yamepandwa hadi chini ya dirisha. Ardhi imegawanywa baba kwa mwana mpaka imebaki vipande, na mtu anapoutazama uwanja mtupu mbele ya nyumba anaona magunia mawili yaliyopotea. Anaulima. Kisha msiba unaingia, na hakuna mahali pa turubai, wala pa kuketisha wakwe, wala pa jeneza kuwekwa watu waage. Mahindi mabichi yanafyekwa kwa panga asubuhi moja. Uwanja ule haukuwa mtupu. Ulikuwa umekodiwa na siku ambayo haijafika. Nimewaona pia waliobomoa ghala wakajenga chumba cha kupangisha, na mavuno yalipokuja wakalala na magunia sebuleni. Sisemi uwanja usilimwe wala ghala lisibomolewe. Shida ni kwamba mwenye kuhesabu faida ya nafasi mpya mara chache huwahesabu waliokuwa wakiitumia ile ya zamani.

Vijana wengi wa huku siku hizi hununua Probox kwa nia ya kufanya biashara, na baadhi yao hunijia kabla ya kumwita fundi. Huwa nawauliza kwanza mzigo wao ni wa aina gani. Wakisema mahindi, saruji au sukari, nawaambia wakunje kiti na waheshimu kilo 400, kwa kuwa gari litajaa kwa uzito kabla halijajaa kwa macho. Wakisema mboga, mayai, kuku au mikate, nawapeleka kwa fundi wangu na kuwaeleza habari za raba za mashimo, plaiwudi na wavu. Nawauliza pia ni nani aliyekuwa akikaa pale nyuma, na kama wamemwambia. Kijana mmoja alishangaa. Aliyekuwa akikaa pale ni mama yake, kila siku ya dawa za presha. Alikwenda akazungumza naye, wakakubaliana siku, na mpaka leo viti vyake hurudi ndani siku hiyo hata soko liwe limechangamka namna gani.

Swali la mwisho ndilo huwatenga wenye nia na wenye haraka: viti vitakaa wapi? Mwenye jibu tayari ameshaona pembe ya nyumba isiyovuja, ana turubai, ana mkebe wa bolti, na anajua atakayemsaidia kubeba. Huyo namwambia aendelee. Asiye na jibu huniambia atapata mahali, hakuna shida, pengine hata ataviuza. Huyo namwambia asubiri, akatafute mahali kwanza. Maana kutoa kiti ni kazi ya asubuhi moja kwa mwenye spana, lakini kiti kilichoachwa chini ya mti masika mawili hakirudi tena ndani ya gari, na wala hakuna mtu atakayekumbuka ni siku gani kiliacha kuwa kiti.